Ngamia wa Yonis

Nyanya yangu haoni. Macho yake yaliingia giza miaka sita iliyopita, kwa hivyo wanangu walipoingia uani kwake Habaswein, aliwahesabu kwa mkono.

Akamshika Leyla kichwani. "Mmoja."

Akamshika Hanad. "Wawili."

Kisha mkono ukashuka kidogo, ukabaki hewani kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne.

"Wa tatu yuko wapi?"

Mkono ulikaa pale ukingoja kichwa. Mimi nilijua hakuna kichwa kinachokuja, kwa sababu wa tatu alizikwa Edmonton, Kanada, akiwa na umri wa siku tatu.

Na kwa miaka minne, kila Ijumaa, nilikuwa nikimwambia nyanya kwa simu kwamba mtoto anaendelea vizuri.

Kabla hamjanihukumu, ngojeni niwaeleze tangu mwanzo.

Naitwa Sahro. Nilizaliwa Habaswein, kaskazini mwa Kenya, nikasoma Garissa, na nikafundisha Kiswahili kwenye shule moja ya msingi pale Garissa miaka mitano kabla ndoa haijanibeba hadi Kanada. Kwa hivyo msiniulize nani kaniandikia. Nimeandika mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, sufuria ikiwa motoni.

Mume wangu ni Zakariye. Watoto ni Leyla, miaka kumi na mmoja, na Hanad, miaka minane. Wote walizaliwa huko kwenye theluji na hawakuwahi kuona nyumbani kwetu. Mimi huniita Hooyo, yaani mama.

Nyanya namwita Ayeyo, kama Wasomali tunavyowaita nyanya zetu. Jina lake Saynab. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, Ayeyo akanilea, akanipiga, akanisomesha. Nikisema mama, namaanisha yeye.

Sasa, kwetu kuna desturi moja. Mtoto akizaliwa, mzee wa familia humpa mnyama jike. Kitovu kikikauka na kuanguka, kinafungwa kwenye mkia wa yule mnyama. Tunaita xudunxir, yaani kufunga kitovu. Kuanzia siku hiyo mnyama ni mali ya mtoto, na kila atakayezaliwa na mnyama yule ni wa mtoto pia, hata mtoto mwenyewe akikaa mwisho wa dunia.

Leyla alipozaliwa, Ayeyo hakuuliza kilo wala anafanana na nani. Aliuliza, "Kitovu kitakuja na nani?"

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Lakini kilipoanguka nilikitia kwenye chupa tupu ya manukato, nikampa mama mmoja aliyekuwa akisafiri kuja Kenya. Cha Hanad kilikwenda ndani ya kopo la dawa za kichwa. Kila mara jibu lilirudi: kimefika, kimefungwa, ngamia anawasalimu.

Yonis alizaliwa Februari 2021. Nilimpigia Ayeyo siku hiyo hiyo. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na jina alilitoa yeye.

"Na nimempa Dahabo," akasema.

Dahabo alikuwa ngamia wake wa kujivunia. Abti Bulle, mjomba wangu, alikuwa amemmezea mate kwa miaka.

Siku ya tatu, Yonis akafa.

Ulikuwa moyo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kesho yake adhuhuri Zakariye na wanaume wa msikiti wakamzika. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi ichimbwe kwa mashine. Alizikwa na kitovu chake, kwa sababu kilikuwa hakijaanguka.

Zakariye alilia wiki nzima. Alilia ndani ya gari, akalia bafuni, akalia kwenye foleni ya duka akiwa ameshika mkate. Kisha akamaliza, akarudi kazini.

Mimi sikuanza. Nilijigusagusa ndani kama mtu anayebonyeza jino lililopigwa ganzi, nikakuta hakuna kitu. Nikapika, nikafua, nikarudi kwenye kazi yangu ya kutunza wazee. Watu wakasema, mashallah, Sahro ana nguvu.

Nilimpigia Abti Bulle. Hata kwake sikutamka neno lenyewe. Nilisema, "Yonis hatunaye."

"Usimwambie mama kwa simu," akasema. "Habari ya kifo mzee haambiwi kwa simu. Inaletwa na mtu, watu wameketi, uso kwa uso. Utakuja umwambie mwenyewe."

Alisema kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Nikaahidi nitakuja.

Lakini mwaka ule mnaukumbuka. Ndege zilikuwa shida, corona kila mahali. Na kabla sijapanga lolote, Ijumaa ikafika.

Mimi na Ayeyo huzungumza kila Ijumaa. Kwangu asubuhi, kwake alasiri. Ramlo, mke wa Abti Bulle, humshikia simu.

"Leyla hajambo?"

"Hajambo, Ayeyo."

"Hanad hajambo?"

"Hajambo."

"Yonis hajambo?"

Nikasema, "Hajambo."

Lilitoka laini kabisa, wala halikunikwama kooni. Nilikata simu nikaenda kukunja nguo.

Ijumaa iliyofuata akauliza, "Kitovu kimeanguka? Nani analeta?"

Nikasema kimepotea. Nikasema kiliingia kwenye mashine ya kufulia pamoja na mashuka.

"Haya," akasema. Hakuuliza kitovu tena. Nikadhani nimepita.

Basi Yonis akakua. Akaota meno akiwa na miezi saba. Akatembea mapema kuliko Hanad. Alichukia soksi, aliogopa mashine ya kufagia zulia, na viazi alivipenda kuliko nyama. Siku moja, sijui kwa nini, nikasema anatumia mkono wa kushoto.

Ayeyo akaja juu. "Wa kushoto? Mfunze kulia! Nani anakula kwa kushoto katika ukoo huu?"

"Namfunza, Ayeyo, hasikii."

"Mkaidi," akasema, na nikasikia anatabasamu.

Zakariye alikuwa akitoka chumbani kila nikipiga ile simu. Mara moja tu aliniambia, "Sahro, hii si sawa." Nikamwambia ni ya muda, nikienda nyumbani nitasema. Miaka minne ikapita nikisema hivyo.

Mwaka huu Abti Bulle akapiga. "Mama anachakaa. Njoo na watoto likizo ya Agosti. Na mara hii umwambie."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilianzia Edmonton, ikapita Nairobi na Garissa.

Usiku wa kwanza Nairobi niliwaketisha watoto kitandani. "Mkiulizwa, Yonis yuko na Baba. Ana homa. Hooyo atamwambia Ayeyo ukweli polepole."

Leyla akanitazama. "Ana homa kwa miaka minne?"

"Leyla."

"Nauliza tu, Hooyo."

Abti Bulle alitupokea Garissa na gari la rafiki yake. Kabla ya Modogashe tukasimamishwa kwenye kizuizi. Polisi akachungulia ndani, akachukua pasi zetu.

"Mama, hawa watoto ni wako?"

"Ndiyo, afande."

"Wangapi jumla?"

"Wawili."

Abti Bulle akaingilia na Kiswahili chake cha sokoni. "Bole afande, hii mtoto ya dada yangu. Imetoka mbali, imekuja kuona mama yangu."

Akatupungia tupite. Nilikaa nikitazama vumbi. Nilikuwa nimemwambia polisi idadi ya kweli bila kigugumizi.

Basi ndiyo tukafika, na mkono wa Ayeyo ukabaki hewani kama nilivyowaambia pale juu.

"Amebaki na baba yake," nikasema. "Ana homa."

Leyla alikazia macho viatu vyake. Hanad akafungua mdomo, nikamminya bega.

"Homa," Ayeyo akasema. Akaurudisha mkono taratibu, akaupangusa kwenye vazi lake. "Mungu ampe afya. Ingieni, chai iko tayari."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Safari ya kurudi ilikuwa Jumamosi. Abti Bulle alinivuta kando ya tangi la maji.

"Mwisho Ijumaa," akasema. "Ukiondoka hujasema, mimi sitasema. Atakufa akimsubiri."

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye mizani. Kama nisingesema katika siku hizo tatu, nyanya yangu angeingia kaburini akingoja kichwa cha mtoto ambaye nilimbuni mwenyewe.

Nyumba ilikuwa vilevile. Vyumba viwili vya mabati, kile kibanda cha mviringo cha kizamani ambacho Ayeyo amekataa kibomolewe, ua wa miiba. Pale kwenye kizingiti ndipo nilipokaa nikisuguliwa masikio kabla ya shule. Nilitarajia kuhisi kitu nikikanyaga pale. Nilihisi kizingiti.

Watoto walipokea mambo vizuri kuliko nilivyotarajia. Leyla alijifunza kuchoma anjera, ile mikate yetu myembamba, siku ya kwanza, akachoma na vidole. Hanad alizungumza na mbuzi kwa Kiingereza, mbuzi wakamwelewa.

Jumatano asubuhi Ramlo alileta maziwa ya ngamia, yale yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Akamimina kikombe cha Leyla, akamimina cha Hanad. Kisha akachukua kibuyu kingine, kizima, akakifunika na kutoka nacho nje ya lango.

"Hicho kinakwenda wapi?" nikamuuliza aliporudi.

"Kwa majirani," akasema, na akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Baadaye nilimpaka Ayeyo mafuta miguuni. Uani tulikuwa wawili tu. Nikajiambia, Sahro, jikaze kisabuni, sema sasa.

"Ayeyo."

"Naam."

"Kuna jambo."

Akangoja. Miguu yake ilikuwa myepesi mikononi mwangu, mifupa mitupu. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mafuta haya ni mazuri kuliko yale ya zamani."

"Ni mazuri," akasema. Halafu, "Yonis, bado anatumia mkono wa kushoto?"

"Bado."

"Mkaidi," akasema.

Jioni Abti Bulle akaniuliza kwa nyusi tu. Nikatikisa kichwa.

Alhamisi nikaenda dukani kununua sabuni. Mzee Alio, jirani tangu nikiwa mtoto, alikuwa kwenye benchi la nje. Akaacha kahawa yake, akasimama kwa shida.

"Sahro wa Saynab! Mungu akupe subira, binti yangu."

Nikamshukuru. Nikadhani ni subira ya safari, maana barabara ile kwa kweli inaitaka. Nikanunua sabuni, nikarudi, na siku nzima ikapita bila kusema.

Usingizi wangu haukuwa na tabu hata kidogo. Nawaambia hivyo mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nikifunga macho nalala, kama redio imezimwa.

Ijumaa asubuhi Abti Bulle akasema ngamia wameletwa. Huwa wanachungwa mbali, maziwa tu huletwa mjini kila alfajiri, lakini aliagiza wachache waletwe zizini karibu na mji ili watoto waone mali yao. Ayeyo akasema na yeye anakwenda. Ramlo akamshika mkono upande mmoja, mimi mwingine. Tulipofika akakalishwa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, fimbo mapajani.

Abti Bulle alijaa furaha. Mzee yule hana maneno, lakini mbele ya ngamia anakuwa mkuu wa mkoa.

"Leyla! Huyu ni Barwaqo. Wako. Kitovu chako kilifungwa hapa." Akaugonga mkia. "Na yule mwekundu ni mtoto wake, naye wako. Na yule mdogo pia."

Leyla akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Watatu? Wote wangu?"

"Wote. Mtu asikudanganye."

Hanad akasogea mbele. "Na wangu?"

Abti Bulle akakohoa. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Wako, Hanad, alikuwa ngamia mzuri sana. Ule ukame wa 2022 ulimchukua. Ulichukua wengi. Pole, baba."

Alikuwa ameota ngamia yule tangu uwanja wa ndege. Akamnyooshea kidole ngamia mkubwa mweupe aliyesimama peke yake, ndama akinyonya.

"Na huyu?"

"Huyu ni Dahabo," Abti Bulle akasema, sauti ikapungua. "Wa Yonis. Mwaka ule wa ukame kila mtu alimwambia Ayeyo amuuze angali na nyama. Akakataa. Alimlisha unga wa uji wake mwenyewe."

Hanad akanitazama. Kisha akamtazama ngamia. Uso ukamwiva.

"Hiyo si haki," akasema kwa Kisomali chake cha kuvunjikavunjika, kwa sauti ya zizi zima. "Mimi niko hai, ngamia wangu amekufa. Yonis amekufa, na ngamia wake yuko hai!"



Ramlo akajishika kifua. Abti Bulle akageuka kuelekea ua kama mtu aliyeitwa. Leyla akasema polepole, "Hanad..."

Mimi nilitazama kwato za Dahabo. Nakumbuka moja ilikuwa na ufa pembeni. Nilifikiri, ule ufa utibiwe. Ndilo wazo pekee nililokuwa nalo.

Ayeyo akanyoosha mkono. "Hanad, njoo."

Mtoto akaenda, machozi yamemlenga. Akampapasa uso, akampangusa pua kwa ncha ya mtandio wake.

"Kisomali chako ni kibovu," akamwambia, "lakini umesema vizuri. Kaa hapa."

Akamkalisha miguuni pake. Kisha akageuza yale macho yasiyoona upande wangu, sawasawa, kama ananiona.

"Sahro. Mtoto ametangulia. Sasa wewe."

"Ayeyo, mimi..."

"Sema. Nimekungoja miaka minne."

Sikuelewa. Nikasikia mtu anasema, "Yonis alikufa." Nikarudia, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. "Yonis alikufa, Ayeyo. Aliishi siku tatu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema, bila kushtuka.

Abti Bulle akageuka mbio. "Mama! Ulijua?"

"Nilijua kabla ya Ramadhani ya mwaka ule."

"Miaka minne! Miaka minne nakunyang'anya simu, natoka nayo nje, nafukuza wageni wasiseme kitu!"

"Nilikuwa nakusikia," Ayeyo akasema. "Ulijitahidi sana."

Ramlo akainamisha kichwa, na hapo nikajua hata yeye alijua. Katika nyumba nzima mtu pekee aliyekuwa akilinda siri ni maskini Abti Bulle.

"Nani alikwambia?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi sikusema kitu."

"Kitovu hakikuja," akasema. "Mke wa Shuaib, jirani yenu huko, alitoka Edmonton mwezi ule. Alileta blanketi, akaleta dawa yangu ya mgongo. Nikamuuliza, kitovu? Akaanza kukohoa. Wewe ukaniambia kimepotea kwenye mashine. Sahro, cha Leyla ulikitia kwenye chupa ya manukato. Cha Hanad ulikitia kwenye kopo, ukazungusha uzi mara tatu, nilihesabu mwenyewe, nilikuwa bado naona upande mmoja. Mwanamke wa namna hiyo hapotezi cha tatu. Mtoto aliye hai kitovu chake huanguka. Nikajua kimezikwa naye."

Dahabo alitoa mlio mdogo. Ndama akahama upande wa pili wa kiwele.

"Sasa kwa nini uliendelea kuniuliza?" Nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. "Kila Ijumaa! Yonis hajambo, Yonis hajambo. Miaka minne unanisikiliza nikidanganya."

Ayeyo akamkuna Hanad kichwa.

"Ulikuwa ukinipa habari za Leyla kama mtu anayesoma karatasi ya serikali," akasema. "Za Hanad vilevile. Hata zako mwenyewe. Nikifika kwa Yonis, sauti yako inarudi. Unacheka. Unagombana nami juu ya mkono wa kushoto. Nikasema, huyu mtoto ana mahali pamoja tu duniani anapokua, nami ndiye nimeshika mlango. Ningeufungaje?"

Nikakaa chini kando ya Hanad.

"Nilimpenda yule wa mkono wa kushoto," akasema.

"Hata mimi," nikasema.

Akagonga fimbo chini. "Haya. Imeshasemwa, uso kwa uso, kama inavyotakiwa. Ramlo, tandika mikeka. Waambie watu waje sasa."

Watu gani? Nikaona baadaye. Tulikuwa hatujamaliza hata kunawa, wanawake wa mtaa wakaanza kuingia, mmoja mmoja, mitandio mizito. Kila mmoja aliinama, akanishika mkono wa kulia, akasema maneno tunayowaambia wafiwa: "Samir iyo iman." Subira na imani. Wanaume wakaketi nje ya ua, wakasoma dua. Mzee Alio alikuwa wa kwanza kwenye mkeka.

Mtaa mzima ulijua. Walikuwa wameiweka rambirambi yangu miaka minne, wakingoja niseme ndipo wanipe.

Mama mmoja ambaye hata simfahamu alikaa karibu yangu. "Tumekunywa maziwa ya mwanao," akasema. "Mimi na mume wangu mgonjwa. Kila asubuhi Dahabo akiwa na maziwa, Saynab anatuma kibuyu kwa wasio na mnyama. Nyumba hii yenyewe haiyaonji. Mtoto wako amelisha watu wengi, Sahro."

Kile kibuyu kilichokuwa kikitoka langoni, kumbe kilikuwa sadaka ya Yonis. Ramlo akaniletea kikombe kimoja. Akasema, "Leo Ayeyo ameruhusu. Wewe ni mama yake."

Najua mnangoja niseme kwamba nililia. Sikulia. Nilikunywa. Yalikuwa ya moto bado, yenye moshi, na chumvi kidogo kama yalivyo maziwa ya ngamia. Nikaomba kikombe cha pili, nikamgawia Hanad nusu.

Kabla hatujaondoka Jumamosi, Ayeyo alimwita Hanad akamwambia ndama wa Dahabo ni wake kuanzia siku hiyo.

"Lakini ni wa Yonis," Hanad akasema. "Ulisema watoto wa ngamia ni wake."

"Mtu akifa anarithiwa na wazazi wake, na mama yako amekuachia. Wewe ni kaka yake."

Hanad akafikiri. "Basi huyu akikua, maziwa yake nayo mtoe sadaka," akasema. Ayeyo akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Tukarudi. Ndege, theluji haikuwepo bado, kazi, shule. Sikujisikia tofauti sana, kusema kweli. Zakariye nilimsimulia yote jikoni, akasikiliza amesimama, kisha akaenda akakaa kwenye gari peke yake kwa nusu saa.

Ijumaa ya kwanza nikapiga simu. Mara hii Zakariye hakutoka chumbani.

"Leyla hajambo?" Ayeyo akauliza.

"Hajambo. Amewaambia wenzake shuleni ana ngamia watatu, hawaamini."

"Hanad hajambo?"

"Hajambo. Amekata nywele vibaya."

Kisha kukawa kimya. Ni pale mahali pa swali la tatu. Nikasikia pumzi yake, nikasikia jogoo wa Ramlo. Hakuuliza, na nikajua hatauliza tena, kwa sababu mlango ule niliufunga mimi mwenyewe pale zizini.

Nikakaa na ule ukimya. Halafu nikasema mimi.

"Na Yonis, Ayeyo? Hajambo?"



"Yonis hajambo," akasema. "Leo wamekunywa watu tisa. Wawili walikuwa wasafiri wanaokwenda Wajir, gari lao liliharibika. Wamemwombea bila kumjua."

Nikamshukuru. Nikamwambia Ijumaa ijayo, inshallah. Nikaweka simu, nikaenda kuosha vyombo.

Leyla akaja akasimama karibu yangu. "Hooyo," akasema, "unalia."

"Najua," nikamwambia. "Lete kitambaa, unisaidie kukausha."

Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilikificha kilio chenyewe, na aliyekigundua ni ajuza kipofu aliye mbali nami bahari na bara, kwa sababu ya kijikamba kikavu cha kitovu kisichofika.

Ukifiwa, mwambie mtu. Tamka neno lenyewe, usiseme hatunaye. Na kama una mzee nyumbani unayedhani unamdanganya kwa simu ili asiumie, nenda ukae naye kwenye mkeka, ukamwambie. Huenda anajua kukushinda, na amekaa hapo miaka amekushikia mlango, mkono umemchoka.